Hedibodi Iliyolowa kwa Nyuma: Kisa cha Chumba Kimoja Mkomani

Kwa mbele hedibodi ile, yaani ubao wa kuegemea kichwani mwa kitanda, haikuwa na kasoro. Mahameli ya kijani kibichi, upana futi 7, kimo futi 3 na nusu, kitambaa kimevutwa sawasawa na pembe zimekunjwa bila vinundu. Mtu akisimama mlangoni angedhani hamali ameishusha jana tu kutoka kwenye mashua ya Mokowe. Harufu ndiyo iliyotoa siri. Ilikuwa harufu ya nguo zilizosahauliwa karaini, na ilizidi kila ulipoinamia mito. Chini kabisa, pale kitambaa kinapopinda kwenda nyuma ya godoro, palikuwa na madoa ya rangi ya chai ya rangi, yamejipanga kwa nafasi zinazolingana. Madoa yakijipanga hivyo hayakumwagwa na mtu. Hayo yametoka kwenye pini zilizoshika kitambaa.

Nyumba ni ya mawe, ya zamani, katika mtaa wa Mkomani mjini Lamu, na chumba kiko ghorofa ya juu. Aliyeitengeneza hedibodi si fundi. Ni mwalimu kijana, mwenye mikono mizuri na simu yenye bando, aliyetaka kumpambia mkewe chumba baada ya harusi. Alinunua vifaa Mombasa, akaazima stepla ya mafundi wa viti, akafanya kazi yote chumbani mwaka huu mwezi wa Januari. Masika ilipoingia mke akaanza kukohoa usiku. Ilipofika Julai, kusi imeshika, wakaniita. Kazi yangu mimi ni viti na makochi.

"Fundi, tatizo ni kitambaa," mwalimu aliniambia kabla sijavua viatu. "Nimeuziwa kitambaa kibovu."

Mamake alikuwa amekaa msanani, yaani ukumbini, akichambua mchele, wala hakumwacha amalize. "Mwanangu," akaniambia mimi, "mwambie huyo nduguyo. Ukuta ule niko nao tangu nilipoletwa nyumba hii. Haujapata kufunikwa."

"Sabalkheri, mamangu," nikamjibu, maana salamu ilikuwa imetupita sote.

"Akheri. Haya, ingia ukatazame."

Kabla ya kueleza nilichokikuta, ni haki nieleze alichokifanya mwalimu, kwa sababu sehemu kubwa aliifanya vizuri kuliko wengi wanaolipwa. Alianza na plaiwudi ya milimita 12. Bao zima la futi 8 kwa 4 lisingepanda ngazi ile: ngazi za nyumba zetu hupinda katikati, na hata mtu mwenye ndoo mbili hupita kwa hesabu. Akalikatisha dukani vipande viwili, akaviunga chumbani kwa papi za mbao kwa nyuma. Juu yake akabandika kwa gundi sponji ya inchi 2, haidensiti, siyo ile nyepesi inayobonyea ukiegemea mara tatu. Kisha mahameli. Alipokuwa akipiga pini alianza katikati ya kila upande akielekea pembeni, ndiyo sababu kitambaa hakikupinda. Ukianzia pembe moja ukaenda moja kwa moja hadi nyingine, kitambaa hukusanyika mwishoni na hakuna mkono utakaokinyoosha tena.

Kitu kimoja tu kilinichoma jicho. Vitambaa vya viti huwa na upana wa inchi 54 hivi, na hedibodi ya futi 7 ni inchi 84. Akakilaza kitambaa ubavu ili kitoshe bila mshono. Kwa kitambaa kingine hakuna neno, lakini mahameli yana manyoya, na manyoya yanataka kushuka chini. Yakilala ubavu, ukiingia chumbani kutoka kushoto rangi ni nzito, ukitoka bafuni upande wa kulia rangi imepauka. Mkewe aliliona hilo siku ya kwanza akanyamaza. Aliniambia mimi.

Basi tukafika kwenye jambo alilolifanya kwa uangalifu mkubwa, na ndilo lililoiua kazi. Mwalimu alijua ukuta wa mawe una unyevu. Akachukua karatasi nzito ya nailoni, akaitandika nyuma ya plaiwudi yote, akaipiga pini kuzunguka kingo zote. Kisha akaisimamisha hedibodi, akaikaza ukutani kwa skrubu na plagi za plastiki, imebana kabisa, hata kisu hakipiti. Nia yake ilikuwa kuzuia unyevu usiingie. Ulipoingia ukakosa pa kutokea.

Tulipozifungua skrubu, mbili zilitoka na plagi zake na kiganja cha plasta ya chokaa. Hazikuwa zimeshika kitu. Plasta ya chokaa ni laini, na nyuma yake kuna jiwe la matumbawe lenye matundu tele, kwa hiyo plagi inayobana vizuri kwenye zege, huku kwetu huzunguka tu. Kila walipoegemea na kuinuka, skrubu zilikuwa zikisaga tundu lake.

Tukailaza hedibodi kifudifudi juu ya godoro. Nailoni ilikuwa na maji pande zote mbili. Upande wa ukutani yaliteremka yakakusanyika kwenye mkunjo wa chini, na mkunjo ule ulikuwa umeyashika kama mfereji mdogo. Safu ya chini ya pini ilikuwa imeliwa hadi nyingine zilikatika kwa ukucha. Safu ya juu bado ilikuwa inang'aa. Nikaichana nailoni. Nyuma ya plaiwudi theluthi ya chini ilikuwa nyeusi kwa kuvu, theluthi ya kati ina madoadoa, na juu mbao ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Kwenye kingo, pale nailoni ilipoachia, palikuwa na unga mweupe, mwororo, uliosimama kama manyoya. Nikaugusa kwa kidole nikauonja. Chumvi.

Hapo ndipo mahali pa kusimama na kufikiri, maana hedibodi iliyooza inaweza kuwa na wakosaji wengi, na ukimkamata asiyehusika utatengeneza nyingine ioze vilevile.

Mvua inayovuja kutoka juu ndiyo mashaka ya kwanza ya kila mtu katika nyumba yenye paa la bapa. Lakini maji ya juu huacha njia: doa huanzia darini, kwenye boriti, likashuka. Hapa juu palikuwa pakavu na chini ndiko kulikolowa. Sponji nayo haikuwa na hatia. Nilikata kipande katikati, upande wa juu, nikakibana mkononi; kikarudi mara moja, kisafi, hakina harufu. Kitambaa ambacho mwalimu alikishtaki kilikuwa ndicho kilichostahimili kuliko vyote. Kilikuwa cha poliesta, hakinywi maji, na madoa yake yote yalikuwa kutu ya pini, si uchafu wa nyuzi zenyewe.

Ukabaki ukuta. Na ukuta huu una jirani. Upande wa pili ni choo, na ndani ya choo, kwenye ukuta huohuo, kuna birika la zamani la kuogea, lile la kujengwa ambalo watu walikuwa wakiweka samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Birika bado linatumika. Miaka kadhaa iliyopita choo kilipigwa plasta ya saruji kuanzia chini hadi kimo cha kifua, ionekane safi na isafishike. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole utasikia sehemu zilizoachana na jiwe. Maji hupenya kwenye nyufa, na yakishaingia hayawezi kurudi yalikotoka, kwa sababu saruji haiyaachii. Huenda upande mwingine, upande wenye chokaa, na upande mwingine ndiko wanakolala watu.

Chokaa kwa kawaida hulimudu jambo hili. Huyanywa maji na kuyatoa hewani polepole, na kwa namna hiyo kuta nene za matumbawe zimesimama karne na karne katika mji uliozungukwa na bahari. Ukuta ule ulikuwa ukilowa kila masika na kukauka kila kaskazi bila mtu kujua, kwa kuwa ulikuwa wazi. Na mwalimu alifanya kazi yake Januari, upepo wa kaskazi unavuma, ukuta umekauka hata kiganja hakihisi kitu. Angefanya Mei angejionea mwenyewe.

Chumvi ndiyo iliyokamilisha kazi. Jiwe lenyewe limetoka baharini, hewa ina chumvi, na maji ya visima vingi vya mjini si matamu. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 75, huanza kuvuta maji yenyewe na kuyeyuka. Hewa ikikauka hugeuka chembe tena, na chembe zinapokua ndani ya plasta huitafuna. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi hulowa hata siku isiyo na mvua, na pini iliyopakwa zinki ikikaa ndani ya maji ya aina hiyo haina maisha.

Swali la mke lilikuwa zuri kuliko yetu sote: kama maji yametoka ukutani, mbona upande wa ndani wa nailoni nao umelowa? Kwa sababu watu wawili waliolala kwa muda wa saa nane wanapumua na kutoa jasho, na mvuke ule hupita kwenye mahameli, ukapita kwenye sponji na mbao, ukaikuta nailoni iliyopoa kwa ukuta wa baridi nyuma yake. Ukagandia hapo matone. Nailoni ilikuwa ikipokea maji kutoka pande mbili na kuyatunza yote.

Ili tusibishane kwa maneno tu, tulifanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya kabla ya kukata hata kipande cha mbao. Tulibandika vipande viwili vya nailoni safi, ukubwa wa sahani, kimoja kwenye ukuta wa choo na kingine kwenye ukuta wa dirishani, tukaziba kingo zote kwa utepe wa gundi, tukaviacha kwa saa 48. Matone yakitokea upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa. Yakitokea nyuma, upande wa ukutani, unyevu ni wa ukuta. Cha dirishani kilitoka kikavu. Cha choo kilikuwa na matone kwa nyuma ya kutosha kuchuruzika.

Ungedhani dawa ni rahisi: hamisha kitanda. Nililisema hilo, na mama akaniuliza kwa upole kibla kiko wapi. Lamu kibla ni kaskazini, na mchago ukihamia ukuta wa pili, miguu inaelekea huko. Hakuna mtu katika nyumba ile atakayelala hivyo. Ukuta wa tatu una zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kazi ya plasta ambayo leo kuipata ni bahati, na kuweka kitanda mbele yake ni kuifukia. Wa nne una mlango na madirisha. Upana wa chumba haukupangwa na sisi, umepangwa na urefu wa boriti za mkoko zilizoko juu, na kitanda cha futi 6 kwa 6 hakina pa kugeukia. Kitanda kikabaki pale pale.

Nilipendekeza vilevile waache hedibodi kabisa. Ukweli ni kwamba hatuihitaji. Huko kwenye baridi, ubao uliojazwa pamba kichwani humkinga mtu na ukuta wa barafu. Hapa ukuta wa baridi ni neema. Vitanda vya wazee wetu vilikuwa na vitakizo vya mbao za kuchonga au kukerezwa, vyenye uwazi wa kupitisha upepo, na vilisukwa kwa kamba kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu alisikiliza kwa heshima. Mkewe akasema yeye husoma usiku, na mbao za nakshi humchoma mgongo. Hiyo ni hoja. Tukaanza upya.

Jambo la kwanza tuliloliamua ni kwamba hedibodi mpya haitagusa ukuta. Itasimama kwa miguu yake, imefungwa kwenye kitanda, na nyuma yake kutakuwa na nafasi ya inchi 2, wazi chini na juu, ili hewa ipande. Miguu ni mbao mbili za inchi 3 kwa 2, zinafika sakafuni. Kila mguu umefungwa kwenye kitakizo kwa bolti mbili za milimita 8 zenye washa, moja juu ya nyingine, zimeachana inchi 6. Wengi huweka bolti moja kwa kila mguu, na hedibodi ikawa inayumba kila mtu anapojigeuza. Bolti moja ni bawaba, ndizo mbili zinazoshika. Kule juu, nyuma ya kila mguu, tukapachika kigingi cha mbao chenye kipande cha mpira wa ndara kuukuu kwenye ncha, ili mtu akiegemea kwa nguvu kigingi kiguse ukuta bila kuuchubua.

La pili, tuliigawa. Badala ya bao moja la futi 7, fremu mbili, kila moja inchi 36 kwa upana na 26 kwa kimo, zinazokaa bega kwa bega juu ya kitanda cha futi 6. Shida tatu zikatatuka kwa mpigo. Kila fremu inabebeka na mtu mmoja hadi juu ya paa kwenda kuanikwa. Kitambaa cha inchi 54 kinaifunika bila kulazwa ubavu. Na mmoja akimwaga chai, unavua upande mmoja tu.

Ndani ya fremu sikutaka plaiwudi. Nilimwita mzee mmoja wa mtaa wa Langoni ambaye bado anasuka vitanda, naye akazisuka kamba kwenye zile fremu kwa mikono yake, zimekazwa zikawa zinalia ukizigonga. Kwa hakika tulichokifanya ni kukisimamisha wima kitanda cha kamba. Kiti cha enzi, kile cha kifalme tunachokiona makumbusho, mgongo wake umesukwa hivyo hivyo, na aliyekalia hakulalamika. Kamba zitalegea baada ya muda. Zikilegea hukazwa, kama za kitanda chochote. Plaiwudi ikiharibika haikazwi.

Ujazo ndio uliotuchukulia mjadala mrefu. Mwalimu alitaka sponji tena. Sponji si adui, na kwenye ukuta mkavu, sema wa dirishani, ningeiweka bila wasiwasi. Lakini ikishalowa huweka maji kwenye vitundu vyake, na ikishaota kuvu haioshwi ikatakata. Ile ya zamani tuliitupa yote, hata sehemu iliyoonekana safi. Nikapendekeza usumba, yale makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ambayo mababu zetu waliyajaza magodoro. Makumbi yamezowea maji ya chumvi tangu zamani: hulowekwa humo kabla ya kupigwa, na kamba zake ndizo zilizoshika vyombo. Hayashiki maji, yana springi ya kwao wenyewe, na hewa hupita katikati ya nyuzi.

Yana mambo mawili ya kuangalia. Makumbi mapya hutoa rangi ya kahawia yakipata unyevu, na rangi ile ikifika kwenye kitambaa cheupe haiondoki. Yaoshe kwa maji matamu hadi maji yatoke meupe, uyaanike hadi yakauke kabisa. Pili, yanachoma. Kwa hiyo tuliyashona kwanza kati ya vitambaa viwili vya melikani kwa sindano ndefu ya magodoro, tukayabana kwa mishono ya kupenya pande zote mbili, kila baada ya inchi 4 hivi, mpaka unene ukabaki inchi moja na nusu na hakuna panapojikusanya. Juu yake tabaka ya pamba iliyochambuliwa, kisha melikani nyingine. Mke alikaa, akaegemea, akafunua kitabu. Hakusema kitu, akaendelea kusoma, nami nikakusanya vyombo vyangu vya kazi.

Pini je? Zipo za stenlesi, na mtu akizipata azinunue bila kuuliza mara mbili. Zile za zinki asizitumie kwenye nyumba ya mawe hata kwa bure. Lakini hapa nilikuwa na hamu ya kufanya bila chuma kabisa. Visiwa hivi viliwahi kuunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, ubao kwa ubao, bila msumari, vikavuka bahari. Sembuse foronya ya hedibodi.

Tukashona kifuniko cha kila fremu kama ifuatavyo. Kipimo cha fremu, jumlisha unene wa inchi 2 na nusu kila upande, jumlisha inchi 3 za kurudi nyuma kila upande. Inatoka inchi 47 kwa 37. Kwa fremu mbili, kitambaa cha upana wa inchi 54 kinahitaji urefu wa inchi 74. Tulinunua mita mbili na robo kwa kuwa ni cha pamba na pamba hurudi, tukakifua na kukianika kabla ya kukikata. Ukingo wote ukakunjwa upindo wa inchi moja, ndani ya upindo ikapitishwa kamba nyembamba ya pamba. Kifuniko huvishwa kwa mbele, kamba ikavutwa, kisha kwa nyuma uzi mnene hupita kutoka upindo wa juu hadi wa chini, kwenda na kurudi, kwa mshazari, halafu tena kushoto na kulia. Unakaza kidogo kidogo kwa zamu, unazunguka kwa mbele kutazama, unarudi kukaza. Kinyanzi kikibaki pembeni unajua ni uzi upi wa kuvuta, wala huna haja ya kung'oa kitu. Nyuma hatukuweka chochote zaidi ya ule uzi. Ukichungulia kati ya hedibodi na ukuta unaiona melikani na kamba, na unapitisha mkono.

Vifungo vya kuzamisha, vile vinavyofanya vishimo, nilivikataa moja kwa moja na nitaendelea kuvikataa mjini Lamu. Kila kishimo ni bakuli la vumbi, na kamba ya kila kifungo hutoboa ujazo. Wanaovitaka wanavyo Nairobi.

Chandarua nacho kilitaka nafasi yake. Hedibodi ya zamani ilibana godoro hata neti haikuweza kuchomekwa kichwani, ikawa inaning'inia juu ya mahameli na mbu wanaingia kwa raha zao. Tuliacha upenyo wa vidole viwili kati ya godoro na fremu. Vilevile nilimwomba mama, kwa adabu, chetezo cha udi kisiwekwe tena juu ya kimeza cha mchagoni. Sponji na poliesta huwaka haraka na moshi wake ni sumu. Pamba na usumba si salama sana kuliko hivyo, kaa moja likirukia. Chetezo sasa hukaa chini, mlangoni, na harufu inafika vilevile.

Ukuta wenyewe ulihitaji kazi yake, na hiyo haikuwa yangu. Tulichoweza sisi ni kuusugua kwa brashi ngumu, pua na mdomo vimefungwa, madirisha wazi, kuifagia chumvi ikiwa kavu badala ya kuiosha ikarudi ndani, na kupaka maji ya chokaa. Chokaa mbichi ni kali na kuvu haiipendi. Rangi ya plastiki hapana, kwa kuwa ni nailoni nyingine yenye jina zuri. Upande wa choo, ile saruji inabidi ibanduliwe na birika lizibwe nyufa, kisha ipigwe plasta ya chokaa na fundi anayeijua. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mafundi wa chokaa bado wapo, ila foleni yao ni ndefu. Mwalimu amepangiwa kaskazi ijayo. Mpaka wakati huo ukuta utaendelea kulowa, na hilo nimewaambia wazi. Tofauti ni kwamba sasa unalowa mbele ya macho na kukauka kwa upepo.

Kikohozi cha mke kimepungua. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya hedibodi peke yake, maana tuliondoa pia zulia lililokuwa chini ya kitanda, nalo lilikuwa na koga.

Palibaki suala la rangi. Kifuniko tulichokishona ni cha pamba ya rangi ya mchanga, na wote walikubali kwamba kinafaa, kwa sauti ya watu wanaokubali dawa. Mafuta ya nazi ya nywele yameshaanza kuacha alama upande wa kulia, sawa na urefu wa kichwa cha mwalimu, lakini kinavuliwa, kinafuliwa, kinarudishwa kabla ya adhuhuri. Mkewe hajaacha kuyataka mahameli yake ya kijani. Nimemwambia mahameli ya pamba yapo, yanapitisha hewa kuliko yale ya poliesta, na kwa kuwa kipimo tunacho na hakuna pini ya kung'oa, anaweza kushona kifuniko cha pili akakivisha Idi. Manyoya yaelekee chini. Amekwenda kuulizia bei.